Uliza Ujibiwe: Dinosaria wadogo wala majani na majina yanayohama

Toleo lililopita tulichapisha habari fupi kwamba Nanosaurus, dinosaria mdogo mla majani aliyepewa jina mwaka 1877, ameondolewa kwenye orodha ya majina yanayoaminika. Barua zimemiminika kutoka Nyanda za Juu Kusini, na si ajabu, maana mawe ya Songwe na ya bonde la Ruhuhu yana mifupa mingi kuliko watu wa kuisoma. Tumechagua tano.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari moja hapa Tukuyu. Wanafunzi wangu wanauliza: kama jina lilitolewa 1877 na kufutwa 2025, hao wataalamu miaka yote hiyo walikuwa wanabahatisha? Niwajibu nini?

Mwalimu, anza na kielelezo. Kila jina la spishi limefungwa kwenye kielelezo kimoja rasmi, chenye namba, kilichotunzwa mahali panapojulikana. Anayedai kuwa mfupa wake ni wa spishi hiyo hana budi kuulinganisha na kielelezo hicho, hata kama viko vielelezo vizuri zaidi. Cha Nanosaurus agilis, alichokipa jina Othniel Marsh, ni kibamba cha jiwe kutoka Colorado, Marekani, na sehemu kubwa ya kilichomo ni chapa za mifupa, si mifupa yenyewe. Chapa hukuonyesha upande mmoja tu. Upande wa pili, ambao pengine ndio wenye alama unayoitafuta, umeshapotea.

Enzi hizo Marsh na mpinzani wake Edward Cope walikuwa wakishindana kutoa majina, na mfupa mmoja ulitosha. Katika mawe hayohayo, yaitwayo Morrison na yaliyotapakaa magharibi mwa Marekani, wakazidi kuongezeka wanyama wadogo wa miguu miwili. Marsh alitoa Nanosaurus rex kwa kutegemea mfupa wa paja, na mwaka 1977 Peter Galton akaupa jina la Othnielia. Akaja Laosaurus consors, ambaye Galton huyohuyo alimhamishia Othnielosaurus mwaka 2007. Mwaka 1990 akatangazwa Drinker nisti. Kisha mwaka 2018 Kenneth Carpenter na Galton wakawakusanya wote chini ya jina la zamani kuliko yote, Nanosaurus agilis, kwa hoja kwamba mifupa inafanana mno kuwa ya wanyama tofauti.

Mwaka 2025 Susannah Maidment na Paul Barrett walipata kiunzi kipya kilichokamilika zaidi, kimo sentimita 64, urefu sentimita 180. Ili wakipe jina walilazimika kwanza kurudi kwenye kibamba cha 1877, na hawakukuta humo alama hata moja ya kumtenga mnyama yule na ndugu zake. Jina likawekwa kwenye kundi la majina yenye shaka, na kiunzi kipya kikaitwa Enigmacursor. Ni kama hati ya kiwanja ambacho bikoni zake zimeng'olewa: hati ni halali, jina la mwenyewe limeandikwa, ila hakuna anayeweza kukuonyesha mpaka.

Kwa hiyo hawakubahatisha. Kilichobadilika ni kipimo cha kinachotosha kutoa jina. Kwa maoni yetu uamuzi wa 2025 ni salama kuliko wa 2018, ingawa unaacha makumbusho na makabati yaliyojaa mifupa ambayo lebo yake sasa itasomeka tu "dinosaria mdogo mla majani, hajulikani zaidi". Wapo wasiopenda lebo ya namna hiyo. Sisi tunaipenda, kwa sababu inasema kweli.

Kama unataka zoezi la darasani, nenda buchani uombe mifupa ya mbuzi na kondoo, mitano mitano, uichemshe na kuisafisha. Wape wanafunzi mbavu na pingili za uti wa mgongo kwanza bila kuwaambia ni za nani, wazigawe makundi mawili. Watagombana. Halafu wape mfupa mrefu wa mguu wa mbele ulio juu ya kwato. Huo wa mbuzi ni mfupi na mpana ukilinganisha na urefu wake, wa kondoo ni mwembamba. Hapo watapata jibu. Mwisho changanya wa mwanambuzi, ambaye ncha za mifupa yake hazijashikana na mhimili, yaani shina la mfupa, uone wangapi watatangaza spishi ya tatu.

Karibu na Galula, kwenye korongo, nimeokota kitu kama jani dogo, ukubwa wa punje ya mahindi, kingo zake zina meno-meno. Kijana mmoja wa chuo kaniambia ni jino la dinosaria mla majani. Ni kweli? Na je, naweza kuliuza?

Tuanze na la pili. Kuuza hapana. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuvichimba bila kibali, kuviuza au kuvitoa nje ya nchi bila ruhusa ni kosa. Toa taarifa serikali ya kijiji, na kupitia kwao afisa utamaduni wa wilaya, ili Idara ya Mambo ya Kale ijue.

Sasa jino. Umbo la jani peke yake halithibitishi dinosaria, na ushahidi mzuri wa hilo ni Revueltosaurus. Mwaka 1989 alipewa jina kama dinosaria mla majani kwa kutegemea meno tu, meno mazuri kabisa, yenye vipembe vikubwa kingoni. Mwaka 2005, baada ya kiunzi kupatikana huko Arizona, ikaonekana fuvu, magamba ya mgongoni na kifundo cha mguu ni vya ukoo wa mamba. Kula majani huunda meno ya namna moja kwa wanyama wasiohusiana kabisa. Tangu hapo majina kadhaa ya dinosaria wa Marekani wa Kitriasi, kipindi dinosaria walipoanza kutokea, yaliyosimama juu ya meno pekee yameondolewa.

Na huko kwenu hali ni ngumu zaidi. Mawe ya Galula ya Kretasia, kipindi cha mwisho cha dinosaria, yametoa Pakasuchus kapilimai, mamba mwenye ukubwa wa paka aliyetangazwa mwaka 2010, ambaye meno yake ya nyuma yanatafuna kama ya mamalia. Jino lake moja likiokotwa peke yake kwenye mchanga, mtu mzoefu kabisa angeliandika "mamalia" na kulala usingizi mzuri. Kwa hiyo mtu akikupa jibu la uhakika kuhusu jino moja la Galula kwa kulitazama kwenye simu, mshukuru, kisha uulize tena kwa mwingine.

Yapo hata hivyo mambo ya kutazama, ukiwa na kioo cha kukuza mara kumi. Tazama vipembe vya kingoni. Kwa mla nyama huwa vidogo, vingi, vimepangana kama msumeno, vikitoka moja kwa moja kwenye ukingo. Hesabu vilivyomo katika milimita 5. Kwa mla majani huwa vichache na vinene, vimeinama kuelekea ncha ya jino kwa pembe ya kama nyuzi 45. Tazama shingo, yaani mahali taji linapokutana na mzizi: dinosaria wadogo wala majani wana mkato hapo, na juu yake taji limevimba pande zote. Tazama nyuso mbili. Kwa jamii ya karibu na Iguanodon, dinosaria mkubwa mla majani, enameli ni nene upande mmoja kuliko mwingine, na kuna mgongo mmoja mkubwa uliosimama katikati ya upande huo. Jino ambalo ncha yake imesuguliwa bapa ni la mnyama aliyekuwa akikutanisha meno ya juu na ya chini, jambo linalopunguza orodha.

Kinachotushinda hata kabla ya hayo yote ni mahali. Jino lililookotwa korongoni limeshuka na maji, na juu ya mawe ya Kretasia hapo Rukwa yapo ya Nsungwe, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi, ambamo hamna dinosaria wowote. Rudi ulipoliokota, ulipige picha na rula mahali pale, kisha panda na korongo ukitazama kila tabaka hadi pale ambapo vipande vya mifupa vinakoma. Tabaka la mwisho lenye vipande ndilo linaloshukiwa. Andika rangi ya jiwe, kama ni mchanga au udongo, na unene wake. Chukua vipimo vya GPS na uandike vimechukuliwa kwa mfumo gani: simu hutumia WGS 84, ilhali ramani nyingi za zamani za Tanzania za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960. Ukichanganya mifumo hiyo, nukta itahama kwa mita zipatazo 300, na kwenye makorongo mita 300 ni bonde jingine. Usichimbe. Jino lifunge kwenye karatasi laini ndani ya kichupa cha dawa, pamoja na kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufifia.

Niko mwaka wa pili, jiolojia, natokea Mbalizi. Tulionyeshwa kipande cha mfupa wa paja, sehemu ya juu tu, kama sentimita 6. Mkufunzi alisema "yaelekea ni dinosaria mdogo wa majani". Unajuaje kwa kipande? Na ukikiingiza kwenye programu ya kuchora miti ya ukoo, kitakaa wapi?

Kipande cha juu cha paja ni bahati, kwa sababu ndiyo sehemu yenye mengi ya kusema baada ya nyonga. Tazama kwanza kichwa cha mfupa. Kwa dinosaria kimejipinda kuelekea ndani, karibu pembe mraba na mhimili, kwa sababu miguu ilisimama wima chini ya mwili. Wa mamba kichwa hakijitengi hivyo. Halafu, mbele na upande wa nje, tafuta kidole cha mfupa kinachopanda juu. Kwa wadogo wala majani wengi kidole hicho kimetenganishwa na mbenuko mkubwa ulio nyuma yake kwa ufa mwembamba. Ufa huo hujaa jiwe, na watu wasio na subira husafisha kwa sindano hadi wakavunja kidole.

Mbenuko wa tatu uko upande wa ndani, chini zaidi kwenye mhimili, pale ulipojishika msuli mkubwa utokao mkiani. Kwa wadogo wala majani mbenuko huu unaning'inia kama ndoano ielekeayo chini. Kwa wala nyama ni tuta la chini tu. Ndoano hukatika mara nyingi, kwa hiyo usiseme haipo kabla hujatafuta kovu la mvunjiko. Ukikuta karibu yake shimo la msuli lililoachana nayo kabisa, fikiria jamii ya Dysalotosaurus, dinosaria mla majani wa Tendaguru, mkoani Lindi. Sentimita 6 zako huenda zimeishia juu ya hapo.

Ukuta mwembamba wa mfupa na uwazi mkubwa ndani watu huutaja haraka. Ni dalili dhaifu: wala nyama wadogo nao wanao.

Mtego unaofuata ni umri. Mwaka 1855 Richard Owen aliitazama mifupa midogo kutoka kisiwa cha Wight, Uingereza, akaiona ya mtoto wa Iguanodon. Mwaka 1869 Thomas Huxley alionyesha kwamba ni mnyama wake mwenyewe, akamwita Hypsilophodon. Kosa hilo hufanywa pia kinyume chake, mtoto akapewa jina la spishi mpya. Dawa ni kukata mfupa na kutazama ndani, ila si popote. Kata katikati ya mhimili, ambako mfupa hujengwa kwa tabaka bila kufutwa sana. Kwanza piga picha pande sita, pima, tengeneza nakala ya plasta au ya kidijitali, ndipo ukate. Kipande kisuguliwe hadi mikroni 50 hadi 100, mwanga upite. Mistari ya kukoma kukua ikisongamana karibu na uso wa nje, mnyama alikuwa ameshakomaa. Mfupa uliojaa matundu ya mishipa hadi ukingoni ni wa mnyama aliyekuwa bado anakua. Kipande chako cha juu hakifai kwa kazi hii, kwa sababu sehemu hiyo hubadilishwa umbo maisha yote na tabaka za mwanzo hufutika.

Dysalotosaurus ni mfano mzuri wa tofauti inayoletwa na wingi. Wajerumani waliochimba Tendaguru kati ya 1909 na 1913 walikuta tabaka lililojaa mifupa yake, wadogo kwa wakubwa, na mwaka 1919 akapewa jina. Baadaye Galton alimhamishia Dryosaurus, mnyama wa Marekani, kwa jinsi wanavyofanana. Mwaka 2010 Tom Hübner na Oliver Rauhut, wakisoma fuvu la mtoto, walimrudishia jina lake. Waliweza kwa sababu ukiwa na watoto na wakubwa wa sehemu moja unaweza kuzitoa tofauti za umri, ukabaki na tofauti za ukoo. Mwenye paja moja hana cha kutoa.

Kuhusu programu: jedwali la sifa za mifupa linaloingizwa humo huwa na mamia ya safu, na kipande chako kitajibu labda kumi. Zilizobaki ni alama ya kuuliza. Sheria ni moja: jaza ulichokiona kwenye mfupa huu, usijaze kwa kudhani "ndugu zake wote wanacho". Wengi hukosea hapo, na kosa halionekani, kwa sababu mti unaotoka huwa safi na wa kuvutia. Ukijaza kwa uaminifu, kipande kitaruka-ruka, kikikaa vizuri sawasawa mahali ishirini, na mti wa muafaka, yaani ule unaobakiza matawi ambayo miti yote inakubaliana nayo, utaporomoka kuwa fagio, matawi yote yakitoka mahali pamoja. Endesha mara mbili, na kipande na bila kipande. Mti ukisimama bila chenyewe na kuporomoka nacho, ripoti ni kwamba kipande hakina habari ya kutosha chini ya ngazi fulani, na uitaje ngazi hiyo. Usiingize pia vipimo vya uwiano kutoka mfupa uliobonyezwa. Utaujua kwa kuukata mkato wa kufikirika: paja ambalo ni duara upande mmoja na bapa upande mwingine limekaliwa na mlima.

Ludewa hapa. Kitabu kimoja kinasema dinosaria wa kwanza duniani ni Nyasasaurus, wa Ruhuhu kwetu. Kingine kinamtaja Asilisaurus. Yupi? Na yale mafuvu yenye meno mawili marefu kama pembe za ndovu, ni ya dinosaria?

Mafuvu hayo ni ya dikinodonti, wala majani wa upande wa ukoo uliozaa mamalia. Si dinosaria hata kidogo. Wapo katika mawe ya Usili, ya zaidi ya miaka milioni 252, na wapo tena wengine katika mawe ya Manda yaliyo juu yake, kwa hiyo meno marefu pekee hayakwambii uko tabaka lipi.

Asilisaurus kongwe alitangazwa mwaka 2010 na kundi la Sterling Nesbitt, kutokana na mifupa ya wanyama wasiopungua 14. Taya lake la chini halina meno kwenye ncha, limechongoka kama mdomo wa ndege, na alikula majani au mchanganyiko. Wengi wanamweka nje kidogo ya dinosaria, pamoja na Silesaurus wa Poland, kwa sababu tundu la nyonga yake bado lina ukuta wa mfupa kwa sehemu kubwa; kwa dinosaria tundu hilo limetoboka. Wapo wanaotetea kwamba kundi lake ndilo shina la dinosaria wala majani wenye nyonga za mtindo wa ndege. Wakishinda, Asilisaurus ataingia ndani ya dinosaria bila mfupa hata mmoja mpya kuchimbwa.

Nyasasaurus ana mifupa michache zaidi: mfupa wa mkono wa juu na pingili kadhaa, zilizookotwa miaka ya 1930 na kutunzwa London, pamoja na pingili nyingine zilizoko Cape Town. Alan Charig aliisoma miaka ya 1950, na ilichapishwa rasmi mwishoni mwa 2012, yeye akiwa ameshafariki. Mkono una tuta refu la kushikia msuli, lipatalo asilimia 30 ya urefu wa mfupa, kama kwa dinosaria, na ukikatwa unaonyesha ukuaji wa haraka. Lakini nyonga na mguu havipo. Waandishi wenyewe walisema ni dinosaria wa kwanza au ndugu wa karibu mno, na kitabu kilichokata maneno yao nusu kimekukosea. Pia umri wa mawe ya Manda umekadiriwa kwa kulinganisha wanyama na wa Afrika Kusini, si kwa majivu ya volkano yaliyopimwa, kwa hiyo neno "wa kwanza" linabeba shaka mbili kwa pamoja.

Iringa mjini. Tunaweza kupata dinosaria Isimila? Na kama tukipata mfupa uliovunjika, tuutie supaglu?

Isimila hapana. Pale ni zana za mawe na mifupa ya wanyama kama viboko, umri wake unahesabiwa kwa malaki ya miaka, si mamilioni. Miamba mikubwa inayozunguka mji, Gangilonga ikiwemo, ni ya itale, na itale haihifadhi mifupa.

Supaglu nayo hapana. Inashika upesi kabla hujapanga vipande, ikikauka huwa ngumu kuitoa, na ukipaka sehemu ambazo baadaye zitakatwa, huharibu uchunguzi. Maabara hutumia Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni: asilimia 5 kwa uzito ikinyonywa na mfupa unaomomonyoka, asilimia 40 hadi 50 ikiwa ni gundi ya kuunganisha. Inayeyuka tena kwa asetoni hata baada ya miaka. Mfupa uwe mkavu kabisa, la sivyo itageuka nyeupe kama maziwa, na kazi ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa. Kwa asiye na dawa hizo, weka kila kipande kwenye karatasi yake, vipange ndani ya sanduku kwa mfuatano uleule ulivyovikuta, na nyuso za mvunjiko usizipige mswaki, kwa sababu chembe mbili tatu zikidondoka hapo vipande havitakutana tena.